Mpatanishi Akigeuka Mwamuzi

Barazani kwangu nimepatanisha majirani miaka mingi, kahawa ikizunguka. Ndiyo maana Sheria ya Usuluhishi ya China ya 1994 ilinishika. Kifungu chake cha 51 kiliwaruhusu wasuluhishi wa kesi ya biashara wajaribu kwanza kupatanisha. Ikishindikana, haohao watoe uamuzi.

Mwaka 2010, mjini Xi'an, upatanisho wa kesi moja ya namna hiyo ulifanyika hotelini, kwenye chakula cha jioni. Mtu wa karibu na upande mmoja alitajiwa yuan milioni 250 ili mambo yaishe. Upande ule ukakataa, ukashindwa. Mwaka 2011 jaji wa Hong Kong alikataa uamuzi ule utekelezwe huko, kwa kuona dalili za upendeleo. Mahakama ya rufani ikampindua mwaka huohuo. (Mie, karamu ile ningeikwepa.)

Lakini linalonisumbua si sheria. Siri niliyopewa kwa kuaminiwa naiweka wapi nikishakaa kuhukumu? Kuisahau siwezi, na kuitumia ni khiyana.

Jirani mmoja aliwahi kuninong'oneza kwamba deni analo kweli. Tuliporudi mbele ya mwenye duka, akalikana, tena kwa kiapo. Wote wawili wakanigeukia: "Haya mzee, tuamulie."

Nikaagiza kahawa nyingine.