Je, Aliyeshinda Rufani Amehalalishiwa Ardhi?

 

Ndugu zangu Waislamu, Alkhamisi iliyopita, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja aliniuliza swali mbele ya watu. Alisema: mtu ameshtakiwa ya kuwa aliuza shamba kwa hadaa, akahukumiwa kifungo, kisha akakata rufani katika Mahakama Kuu, akashinda, akaachiliwa. Je, fedha alizozipokea zimekuwa halali kwake? Na sisi tuliochanga msikitini ili apate wakili, tuna thawabu au tuna dhambi? Nilimwambia ya kuwa jawabu lake nitaliandika, na leo naliandika.

Kila aliyekuwapo alijua ni kesi gani iliyokusudiwa. Sitataja jina la mtu wala mahali lilipo shamba, maana kumsema Mwislamu nyuma yake ni haramu ila kwa dharura, na dharura nayo ina mpaka wake. Lakini mambo yenyewe hayana budi kutajwa, ama sivyo jawabu halitafahamika.

Mzee mmoja alifariki, akaacha shamba la minazi, na mtoto mwanamume mmoja na binti mmoja aliyefiwa na mume. Hakuacha mke wala wazazi. Kwa hisabu ya mirathi, ambayo hata mwanafunzi wa chuoni aijua, mwana ana mafungu mawili na binti ana fungu moja, yaani thuluthi. Mirathi haikugawanywa. Baada ya miaka kadhaa yule mwana alipata mnunuzi, akamwuzia shamba zima, akapokea fedha zote. Mnunuzi alipopeleka mafundi kutia ua, yule bibi akasimama mbele yao akasema: mimi sikuuza. Ndipo mnunuzi akaenda polisi.

Wengi wetu hudhani kuwa kesi ile ilikuwa ya kuamua shamba ni la nani. Sivyo. Ilikuwa ni kesi ya jinai baina ya Jamhuri na mwuzaji, na swali lake lilikuwa moja tu: je, alijipatia fedha kwa hadaa? Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 312, hadaa ni kumweleza mtu jambo la uwongo, kwa maneno, kwa maandishi au kwa kitendo, na jambo hilo liwe ni la wakati uliopita au la wakati uliopo, na msemaji awe ajua kuwa si kweli au haamini kuwa ni kweli. Adhabu yake imo katika kifungu cha 313, nayo ni kifungo kisichozidi miaka 3. Litazameni vyema sharti lile la wakati. Mtu akiahidi jambo la kesho kisha asilitimize, amevunja ahadi yake na huenda akadaiwa, lakini kwa kifungu hiki hakutenda jinai.

Basi hapo ndipo kesi nzima ilipozunguka. Mnunuzi aliapa ya kuwa mwuzaji alimwambia, "Dada yangu nimekwisha kumpa fungu lake." Mwuzaji naye akaapa ya kuwa alisema, "Dada yangu nitampa fungu lake." Nimekwisha kumpa, na nitampa: tofauti ya maneno haya mawili ndiyo tofauti ya kulala gerezani na kulala nyumbani. Hakimu wa kwanza alimsadiki mnunuzi. Ama Mahakama Kuu, ambayo katika rufani ya kwanza hupaswa kuupima upya ushahidi wote, iliona kuwa ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu, na ya kuwa palikuwa na mtu wa tatu aliyetia mkono karatasi ya mauzo, naye hakuitwa, wala haikuelezwa kwa nini hakuitwa. Ikaingia shaka, na faida ya shaka ni ya mshtakiwa. Hukumu ikafutwa.

Mimi siilaumu mahakama hiyo. Rufani ni haki ya kila aliyehukumiwa, na sheria imempa siku 14 za kuileta. Wako watu waliofungwa kwa ushahidi wa uwongo, nao hawakuwa na mlango mwingine ila huo. Wala kanuni ya shaka si ngeni kwetu. Mafaqihi wetu hawaondoi yakini kwa shaka, na asili ya mtu kwao ni kuwa hana dhima mpaka ithibiti. Mtume (s.a.w.) aliuweka ubainifu juu ya mwenye kudai na kiapo juu ya mwenye kukana.

Lakini kutothibiti ni jambo moja na kutotenda ni jambo jingine. Imo katika Bukhari na Muslim hadithi ya Ummu Salama, ambayo kila mwenye kesi angepaswa kuisoma kabla hajapanda ngazi za korti. Mtume (s.a.w.) alitueleza ndani yake kuwa yeye pia ni mwanadamu, ahukumu kwa anayoyasikia, na huenda akampa mtu haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wa hoja yake, na aliyepewa hivyo, alichopewa ni kipande cha moto. Sasa fikirini, ndugu zangu. Ikiwa hukumu iliyotoka kinywani mwa Mtume haimhalalishii mtu kilicho haramu, vipi itamhalalishia hukumu ya jaji wa leo? Kwa ajili hiyo wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, pamoja na wengi wa wengineo, wamesema hukumu ya kadhi hupita kwa dhahiri tu, haipiti kwa batini. Imam Abu Hanifa ana neno lake katika baadhi ya mikataba, lakini hata kwake mwongo ni mwenye dhambi.

Na zaidi ya hayo, Mahakama Kuu haikusema kuwa thuluthi ile ni ya mwuzaji. Ilisema tu kuwa asifungwe. Haya mengine tumeyaongeza sisi wenyewe barazani.

Jawabu la swali la kwanza basi ni hili. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka miongoni mwa masharti ya kinachouzwa kuwa kiwe ni milki ya mwenye kuuza, au awe ana idhini ya mwenyewe. Aliyeuza chake pamoja na cha mwenziwe kwa mkataba mmoja, bila ya idhini, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa mauzo yamesihi katika chake na yamebatilika katika cha mwenziwe. Na mnunuzi, ikiwa hakujua, ana hiari: akitaka atachukua theluthi mbili kwa thamani yake, na akitaka atarudisha zote na kurudishiwa fedha zake. Kwa hivyo fedha za thuluthi moja zilikuwa haramu siku alipozipokea, zilikuwa haramu siku alipohukumiwa, na ni haramu leo. Na kwa sheria ya nchi pia alikwisha kuteleza kabla ya kufika kwa mnunuzi, kwani Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, yakataza kuiuza mali ya marehemu pasina idhini ya mahakama.

Ama swali la pili, la waliochanga. Aliyetoa shilingi zake kwa kudhani kuwa ndugu yake amedhulumiwa, au ili apate tu mtu wa kumsemea, hana dhambi, na nia yake iko kwa Mola wake. Ama aliyejua kuwa yule bibi hakupewa kitu, akatoa ili jambo lifunikwe, na asome katika Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105. Wafasiri wameeleza kuwa aya hizo ziliteremka kwa sababu ya watu wa Banu Ubayriq, walioiba kisha wakamtupia tuhuma mtu asiyekuwa na hatia, na jamaa zao wakamwendea Mtume (s.a.w.) kuwatetea, mpaka ukateremka wahyi wa kumkataza asiwe mtetezi wa wenye kufanya khiyana. Na katika aya ya 109 wale watetezi waulizwa, ikiwa wamewatetea hapa duniani, ni nani atakayewatetea Siku ya Kiyama.

Nimesikia kadhalika kuwa kabla ya siku ya rufani ilisomwa Halbadiri ili majaji wafungwe vinywa, na mtu akapewa hirizi ya kuvaa ndani ya kanzu. Sina la kusema ila kuwa watu wa Badri walipigana kuondoa dhulma, nasi twayatumia majina yao ili dhulma ikae.

Sasa nafika pahali ambapo ningependa kupapita. Yule mtu wa tatu, ambaye hakuitwa, ni mimi.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Mwuzaji na mnunuzi walinikuta barazani, wakaniomba nitie mkono niwe shahidi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, lugha nisiyoisoma ila kwa shida. Sikuomba nifasiriwe. Nilimsikia mwuzaji kwa masikio yangu akisema "nimekwisha kumpa", wala hakusema "nitampa". Nyumba ya yule bibi haiko mbali na msikiti. Ningalimtuma mtoto akamwulize, na jawabu lingalirudi kabla wino haujakauka. Sikumtuma. Nilitia mkono, nikapewa bahasha ya chai, nikaingia ndani kusomesha.

Kesi ilipoanza walinijia watu wakaniambia, "Sheikh, wewe ni mtu wa msikiti, mambo ya korti hayakufai." Nikayapenda maneno yao. Nikajituliza kwa hadithi ya Imran bin Husayn, inayowalaumu watu wanaotoa ushahidi pasina kutakwa. Lakini naijua pia hadithi ya Zayd bin Khalid, iliyomo katika Muslim, inayomsifu shahidi anayeutoa ushahidi wake kabla hajaulizwa, na najua alivyozipatanisha Imam Nawawi: lawama ni kwa mwenye kukimbilia na hali mwenye haki amjua kuwa ni shahidi wake, na sifa ni kwa yule ambaye mwenye haki hajui kuwa ana ushahidi kwake. Nilijiambia kuwa mnunuzi anijua, na jina langu limo katika karatasi. Kweli, lakini mwenye haki ya thuluthi ni yule bibi, na yeye hakujua nimesikia nini. Na aya ya 283 ya Suratul Baqara, ambayo nimeisomesha mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, yasema dhambi ya mwenye kuuficha ushahidi imo moyoni mwake. Walipofanya karamu ya shukrani nilialikwa, nikaenda, nikala, nikaomba dua.

Kijana aliponiuliza lile swali sijui kama alijua anamwuliza nani. Kwa hivyo nalisema hapa, ili mtu asije akadhani nawahutubia wengine.

Na mali ya ardhi ina uzito ambao mali nyingine haina. Mtume (s.a.w.) ameonya ya kuwa mwenye kuchukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Said bin Zayd, mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, alishtakiwa na mwanamke aliyeitwa Arwa mbele ya Marwan bin Hakam kuwa amempokonya sehemu ya ardhi yake. Said akauliza vipi atatenda hayo na hali ameisikia hadithi ile kwa Mtume mwenyewe. Marwan akasema hamtaki ubainifu baada ya hapo. Na Said akaiachilia ile ardhi, akamwomba Mwenyezi Mungu, ikiwa mwanamke yule ni mwongo, apofuke na afie katika ardhi yake. Amepokea Muslim kuwa alipofuka, akawa akipapasa kuta, hata siku moja akatumbukia kisimani katika nyumba ile ile, kikawa ndicho kaburi lake.

Yasije yakadhaniwa kuwa mlango umefungwa kwa yule bibi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya mirathi baina ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa naye. Na mambo ya hati na milki yana Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako si lazima jambo lithibitishwe kwa kiwango cha kesi ya jinai. Wala asitishwe na mtu kwa kuonyeshwa hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 26, yaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa hadaa au kinyume cha sheria. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ilisema kuwa kushika hati peke yake hakutoshi, ila mzizi wake uwe safi. Haya mafaqihi waliyasema zamani: kikitokea kuwa kilichouzwa ni cha mtu mwingine, hurudi kwa mwenyewe, na mwuzaji humlipa mnunuzi fedha zake. Mnunuzi wetu naye ni mdhulumiwa, tusimsahau kwa kuwa si mtu wa mtaa huu.

Jumapili baada ya Alfajiri nilikwenda kwa yule bibi, nikamweleza niliyoyasikia siku ile na kuwa niko tayari kuyaapia kwa Kadhi na kwa jaji. Nilimpelekea na kiasi cha ile bahasha ya chai. Hakuipokea, alisema hazikuwa zake, nimrudishie aliyenipa. Nimemrudishia. Mwuzaji nimemwambia pia, uso kwa uso, kuwa nitakwenda kusema, na kuwa akilipa thuluthi kabla ya siku hiyo nitakuwa wa kwanza kumshika mkono. Hakunijibu. Darsa ya Alkhamisi ijayo itakuwa kama kawaida, isipokuwa ikiwa tarehe ya Kadhi itatoka kabla yake, nami nikawa nimekwenda huko.