Ziwa Likikauka



Aliyewahi kuchora mlima na ziwa anajua kishawishi chake: unachora mlima, halafu unaurudia kichwa chini ndani ya maji, vilevile. Picha inakataa. Maji hupunguza mwanga kidogo, hufifisha giza kidogo, na upepo ukipita tu taswira inakatika vipande. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya kumwona Mungu alitaja kioo, na vioo vya enzi zile vilikuwa vya shaba. Jiangalie humo uone!

Sasa njoo Mang'ola. Kiangazi kimoja nilishuka Ziwa Eyasi na rangi zangu, nikitaka kuchora ule ukuta wa Bonde la Ufa ukionekana majini. Maji yenyewe hayakuwepo. Eyasi ni ziwa la magadi, kina kifupi, na jua likikaza hubaki ukoko mweupe na vumbi. Nikakaa chini. Nisiwafiche, rohoni nako kulikuwa hivyohivyo. Tangu tumzike mama, rozari nilikuwa naisali kama mtu anayehesabu punje za mahindi. Misa naenda, sisikii kitu. Nikaanza kujiuliza kama Mungu yupo kweli, au miaka yote nilikuwa naona kivuli changu tu.

Ningeweza kuchora maji ya uongo. Nani angejua? Si ndivyo tunavyofanya kwenye status: "Mungu ni mwema", na ndani pamekauka.

Nikageuka kurudi. Ukilitazama ziwa, Mlima Oldeani unakuwa nyuma yako; kwenye picha yangu haukuwemo kabisa. Mvua ya huko juu huzama ardhini, hupita gizani, hutokea chemchemi huku chini. Ndiyo maji ya vitunguu. Ziwa kavu, vitunguu vibichi! Nilikuta vijana wawili wakifungulia mfereji kwa jembe, matope hadi magotini, hawana habari na huzuni yangu.

Sikusikia sauti yoyote. Hata leo kuna wiki nzima ni ukoko mtupu. Mtakatifu Teresa wa Kolkata aliishi ukavu wa namna hii kwa miongo, na aliendelea kusali. Mimi niliacha tu kumdai Mungu taswira.

Picha ninayo: ukuta, anga, weupe. Mama mmoja wa jumuiya aliniuliza mbona maji sijamalizia.

Wewe ambaye husikii kitu tangu Pasaka, Jumapili njoo Misa hivyohivyo, hata benchi la nyuma. Na ukiwahi kidogo, padre yupo kwenye kitubio.