Je, Mwalimu Aulize Kila Jambo?

Vijana wa Chuo cha Kiungani, Unguja, walicheza kriketi na kandanda, na mwaka 1888 gazeti la Msimulizi likaanza kutolewa hapo. Hayo twayasifu. Lakini mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha Kiingereza chenye habari walizoandika wavulana wenyewe: jinsi walivyokamatwa na kuuzwa utumwani. Je, ilikuwa haki kuwaandikisha hayo? Mtoto akiagizwa na mwalimu, tena anayemlisha na kumvika, atakataaje? Ingawa pasipo maandiko hayo, habari zao tungezipata kwa vinywa vya wengine tu. Sisi nasi, chuoni, tulitoa insha ya "Nyumbani Kwetu". Mwanafunzi mmoja akarudisha karatasi tupu. Tukampa sifuri, wala hatukumwuliza sababu.