Kweli Hulipiwa na Nani?

Mwenye kuomba kura na mwenye kuamuru pengine huwa mtu yule yule katika nyakati mbili za maisha yake. Bwana Mutahi Kagwe alikuwa Mbunge wa Mukurweini tangu 2002 hadi 2007, kisha Seneta wa Nyeri tangu 2013 hadi 2017. Kazi hizo humfunza mtu kubembeleza. Mwezi wa Februari 2020 akawa Waziri wa Afya, wala hakuwa tabibu. Na tarehe 13 Machi akatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya.

Tangu hapo sauti yake ilisikika mara kwa mara redioni, ikituhesabia wagonjwa na kutukanya. Hakunena kama mtu atafutaye kupendwa. Kuanzia tarehe 27 Machi Serikali ilikataza watu kutembea tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Sasa na tutazame mtaani kwetu, Lucky Summer. Jirani yangu mmoja huuza sukuma wiki kando ya njia. Wateja wake hutoka viwandani Baba Dogo, nao hurudi jua likitua. Saa yake ya riziki ndiyo hiyo iliyokatazwa. Akawa akikunja gunia lake mapema, mboga zimenyauka. Aliagizwa kunawa mikono kila mara, naye maji hununua kwa mtungi. Hakubisha kwamba maradhi yapo. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, Waziri anasema kweli, lakini kweli hiyo nani anailipia?"

Wako wasemao kwamba amri ni ya haki ikiwa ni moja kwa wote. Mimi sikubali. Wenye mshahara, nami nikiwamo, tuliipokea amri ile kama usumbufu. Mchuuzi aliipokea kama faini. Walakini kuiacha kungalikuwa vibaya zaidi, kwani ugonjwa ule uliua Wakenya zaidi ya 5,600, na vyumba vyetu vina msongamano. Sidhani Waziri alikosa kuamuru. Serikali nayo ilitenga fedha kwa wanyonge, na vijana wakapewa vibarua vya Kazi Mtaani. Lakini jirani yangu si kijana, wala jina lake halikuandikwa popote.

Amri hiyo iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Jioni iliyofuata alitandika gunia lake mahali pale pale. Kodi ya nyumba aliyodaiwa aliendelea kuilipa kidogo kidogo hata mwaka wa pili.