Baridi ya Kolwezi na Moto wa Malta



Leo nitawasimulia habari ya baridi. Msicheke. Watu wa mbali husema kwamba Kongo ni nchi ya joto tu. Lakini asemaye hivyo hajalala Kolwezi usiku wa mwezi wa Juni.

Miaka mingi iliyopita mtu mmoja alitoka Kasai pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga, akapanda gari la moshi kuja kutafuta kazi. Njia hiyo ni ya zamani. Reli ya BCK iliunganisha Bukama na Ilebo mwaka 1928, na watu wengi wa Kasai walipita humo kwenda kuchimba shaba ya Union Minière. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937. Basi jamaa nyingi za mji huo zina babu aliyefika akiwa mgeni.

Mtu huyo alikuwa ameambiwa habari za shaba na habari za mshahara. Habari za baridi hakuambiwa na mtu yeyote. Alileta nguo nyepesi na blanketi moja. Naye mwenye nyumba aliyompangisha chumba, alipoona kwamba fedha hazitoshi, alilichukua blanketi lile liwe rehani.

Mchana jua liling'aa, mgeni akafurahi. Lakini jua lilipotua, baridi ikaingia kama mwizi. Kwa nini? Kwa sababu Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kadiri ya digrii 6. Tena mwezi wa Juni jua limeelekea kaskazini, na upepo mkavu huvuma kutoka kusini-mashariki. Mawingu hayapo, basi joto la ardhi hupanda juu usiku na kupotea, kama joto la mtu aliyelala bila kufunikwa. Usiku joto laweza kushuka chini ya digrii 10. Mgeni hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba mtoto wake anatetemeka na kukohoa.

Usiku wa tatu alijaza makala katika mbabula, akaiingiza chumbani, akafunga mlango na dirisha. Bibi kizee mmoja, jirani yake, alimwona. Bibi huyo hakuwa amebatizwa. Akaja mbio akagonga mlango, akasema, "Fungua, mwanangu! Moto wa makala haulali na watu. Toa mbabula nje, upesi!"

Alisema kweli. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia, asiamke tena. Bibi aliwaketisha uani, wakaota moto chini ya nyota, akawapa uji wa moto. Kisha akawapa mojawapo ya mablanketi yake mawili, akasema, "Mtoto alale katikati yenu."

Nami nilikuwa wapi? Ndugu zangu, naungama mbele yenu. Nilikaa ng'ambo ya njia. Siku tatu nilimsalimu mgeni yule, "Karibu, ndugu!" kisha nikaenda zangu kufundisha amri ya mapendo. Nilimkaribisha kwa mdomo. Bibi yule alimkaribisha kwa moto.

Asubuhi nilipopata habari niliona haya sana, nikafungua Matendo ya Mitume. Humo tunasoma jinsi Mtakatifu Paulo alivyovunjikiwa na chombo baharini pamoja na wenzake, jumla yao watu 276, wakaokoka wote na kufika kisiwa cha Malta wakiwa wamelowa. Wenyeji wa kisiwa walikuwa hawajasikia Injili. Hata hivyo waliwasha moto, wakawapokea wote, kwa sababu ya mvua na baridi. Naye Paulo, mtume mkubwa, aliinama akaokota kuni pamoja nao. Baadaye aliwaombea wagonjwa wa kisiwa, wakapona. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Malta neno hilo lilitimia, nami likaniponya ugonjwa wangu, yaani mapendo ya maneno matupu.

Nikasoma pia katika kitabu cha Kutoka: Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba, wakichukua vazi la maskini kuwa rehani, walirudishe kabla jua halijatua, kwa maana hana kitu kingine cha kujifunika. Nikaenda kwa mwenye nyumba. Akaniambia, "Deni ni deni." Nikajibu, "Ni kweli, baba, naye atalipa. Lakini usiku ni wa Mungu." Akanyamaza kitambo kirefu. Jioni ile, kabla ya jua kutua, alilileta blanketi mwenyewe, mikononi mwake. Mgeni alipata kazi, akalipa deni lote. Mtoto alipona.

Wapendwa, hata leo watu wanaendelea kufika Kolwezi na vijiji vya mkoa wa Lualaba kutafuta shaba na kobalti. Wengi wao huijua bei ya madini, lakini hawaijui baridi ya Juni. Basi mgeni akifika, usimwulize kabila kwanza. Mwulize kama ana blanketi. Mwambie habari za upepo, na za umande, na za mbabula katika nyumba iliyofungwa. Asiyemwambia mgeni hatari anayoijua, dhambi yake si ndogo.

Nanyi mliotoka katika maisha ya zamani mkaianza njia ya Ubatizo, ninyi pia ni wageni. Mlitazamia jua, pengine mmekuta baridi ya dhihaka na ya upweke. Msirudi nyuma. Kaeni pamoja, mwote moto mmoja.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista wenu:

1. Watu wa Malta waliwatendea nini wageni, na kwa nini?
2. Kwa nini Mungu aliagiza vazi la maskini lirudishwe kabla ya jua kutua?
3. Katika kijiji chako nani alifika mwaka huu? Analala wapi, naye anajifunika nini?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo. Nendeni mkaangalie.