Nani Humkagua Mlezi wa Bibi?

Kata ya Nkoma iko wilayani Itilima, eneo lililokuwa sehemu ya Bariadi hadi mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Nchi ya michembe ya viazi vitamu inayoanikwa juani kusubiri miezi ya njaa. Makazi ya wazee ya Serikali yanayojulikana zaidi katika Kanda ya Ziwa yako mbali na hapo: Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi wilayani Misungwi, Nyabange karibu na Musoma. Ukiuliza iwapo Nkoma nayo inahitaji nyumba kama hiyo, jibu halichelewi: Msukuma hamtupi mzazi wake.

Jibu hilo lina heshima yake, na kwa kaya nyingi ni kweli tupu. Tatizo lake ni kwamba linafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza swali la pili: huyo mzazi ambaye hakutupwa, anatunzwaje?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Inaiweka familia mbele katika matunzo, na makazi yanabaki kuwa kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wazee wapatao milioni 2.5 nchini, asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Makazi ya Serikali ni zaidi kidogo ya kumi, na waishio humo ni tone tu. Kwa hiyo anayetaka kujua ubora wa huduma za wazee Tanzania hawezi kuishia kwenye geti la Kolandoto. Lazima apite kwenye kaya za Nkoma.

Na kaya zenyewe zimebadilika. Kwa miongo kadhaa sasa vijana wa Kisukuma wamekuwa wakiswaga mifugo kuelekea kusini, Katavi na Rukwa, bonde la Usangu, Morogoro, hata Lindi, wakitafuta malisho. Wengine wamekwenda kwenye machimbo ya Geita na Kahama. Anayebaki na bibi mara nyingi ni mkamwana, pamoja na wajukuu walioachwa. Pesa zinatumwa kwa simu, lakini simu si ya bibi. Zinaingia kwa mtu mwingine, zinapangwa na mtu mwingine, na bibi anaambiwa tu kwamba mwanao amekukumbuka.

Kazi ya kumtunza mzee aliyelala kitandani haina uficho kwa aliyewahi kuifanya. Mwili unatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya makalio, nyonga na visigino inaoza na kuwa vidonda vya kulalia. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kuanza kwa siku chache na kikachukua miezi kupona. Maji lazima apewe hata kama hakuomba, maana kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, na mzee anaweza kukauka mwilini huku akisema haoni haja ya kunywa. Dawa ya shinikizo la damu ni ya kila siku, haingoji kichwa kiume. Kuna kuogesha, kufua, kupeleka chooni, kulisha taratibu asipaliwe.

Hospitalini kazi hii hugawanywa kwa zamu tatu. Nkoma inafanywa na mwanamke mmoja, ambaye mwezi wa Januari anatakiwa pia shambani kupalilia pamba, na ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kumgeuza mtu mzima bila kuumia mgongo. Akikosea, huenda si kwa roho mbaya. Lakini kidonda hakiulizi nia.

Jioni jirani anapita. "Mayu, umekula?" Bibi anajibu, "Nimekula." Jirani anaridhika na kushika njia. Mkamwana alikuwa amesimama palepale, sufuria mkononi. Bibi angejibu nini kingine? Kesho ni mkono uleule utakaompa uji. Hata akiwa na malalamiko, na hata mkamwana akiwa mwema kuliko wote kijijini, swali limeulizwa mahali ambapo jibu ni moja tu.

Kwenye makazi ya wazee mambo huenda hivyohivyo, ila kwa sherehe zaidi. Baadhi ya makazi haya yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, watu waliotengwa na jamaa zao, na baadaye yakapokea wasiojiweza wengine. Wageni huja kwa misimu: Sikukuu ya Idi, Krismasi, Siku ya Wanawake Machi 8, Siku ya Wazee Oktoba 1. Wanashusha unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na miche ya sabuni; wanapanga mstari, wanapiga picha. Mgeni anamwinamia mzee na kumuuliza hali. "Nzuri, tunashukuru." Mfawidhi wa makazi amesimama hatua mbili pembeni.

Misaada hiyo inahitajika na inafaa kushukuriwa. Ila gunia la mchele halielezi ni wahudumu wangapi wanabaki zamu ya usiku, wala kama yupo anayejua kusafisha kidonda. Mzee wa makazini na bibi wa Nkoma wanatofautiana kwa mengi, lakini wote wawili huulizwa hali zao mbele ya wale wanaowategemea.

Usukumani ukimya huu una historia nzito. Kamati ya Serikali iliyochunguza mauaji yanayohusishwa na imani za kishirikina ilipata kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,600. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo ilitokea Mwanza na Shinyanga, mikoa ambayo Simiyu ya leo imezaliwa kutokana nayo. Mtafiti Simon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kuichambua habari hii. Katika miongo iliyofuata mauaji yaliendelea, na taarifa za haki za binadamu zilizidi kuhesabu wahanga kwa mamia.

Dalili ya uchawi iliyotajwa mara nyingi kwa wanawake wazee ilikuwa macho mekundu. Wekundu huo ulikuwa na sababu za wazi. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Usukuma ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, na kilimo cha pamba kikaendeleza ufyekaji. Kuni zikawa adimu. Wanawake wakapikia samadi ya ng'ombe iliyokauka na miti ya pamba iliyobaki shambani baada ya mavuno. Mama aliyekaa miaka 50 ndani ya moshi huo, kwenye jiko lisilo na dirisha, angekuwaje na macho meupe? Alipikia ukoo mzima, kisha macho yaleyale yakageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Shirika la Maparece lililoko Magu, likishirikiana na HelpAge International, lilikabili jambo hili kwa njia isiyo na makuu: lilisaidia kujenga majiko sanifu yanayopunguza moshi, sambamba na elimu ya haki kwa wanavijiji. Jiko ni huduma ya mzee sawasawa na kidonge.

Kuna pia ugonjwa unaofichwa na imani hizo za kishirikina. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Mwenye maradhi haya anaweza kuchanganya usiku na mchana. Anatoka nje saa nane za usiku akitafuta nyumba aliyoihama utotoni, anaita watu waliokwisha kufa, anavua nguo bila kujua. Kwa waganga wa hospitali hii ni hali ya kitabibu yenye jina na ushauri wake: mlango ufungwe vizuri, mwanga uwepo, asibishiwe, mlezi apate wa kumpokea. Kwenye kijiji ambacho hakijawahi kuelezwa, bibi anayeonekana uwanjani kwa jirani usiku wa manane yuko hatarini.

Wengine waliamua kuwatafutia wazee kama hao mahali pa kujificha. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako nako wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine ugomvi wa ardhi ukiwa nyuma yake, kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimewahifadhi wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe. Kwa watu hawa msemo wa kwamba Mwafrika hamtupi mzazi unahitaji kurudiwa kwa sauti ndogo. Wao hawakutupwa, walitoroka.

Ughaibuni hadithi ina sura yake. Mwaka 1987 Marekani ilipitisha sheria ya kurekebisha nyumba za wazee, baada ya taarifa nyingi za wakazi kufungwa kamba vitandani na kuachwa na vidonda. Sheria hiyo ilidai kila mkazi awe na mpango wake wa matunzo, ikabana ufungaji kamba, na ikaleta wakaguzi wanaofika bila taarifa, wasiopitisha miezi 15 kati ya ukaguzi na ukaguzi. Mkaguzi huzungumza na wakazi faraghani. Hata hivyo nyumba hizo hazikugeuka pepo: mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliua maelfu kwa maelfu ya wazee ndani ya nyumba za aina hiyo Marekani na Ulaya, na udhaifu wa miaka mingi, hasa uhaba wa wafanyakazi, ukaonekana hadharani.

Baadhi ya wafanyakazi hao wametoka kwetu. Baadhi ya Wakenya na Watanzania waliohamia Marekani na Uingereza huanzia maisha kwenye kazi za kulea wazee, wakigeuza miili, wakiandika kwenye daftari saa waliyompa mzee maji. Anayefanya hivyo zamu ya usiku, asubuhi hupiga simu nyumbani kumuulizia mama yake. Anaambiwa mama hajambo, amelala. Anajua kazini kwake neno hilo peke yake lisingekubaliwa na msimamizi yeyote, lakini kwa mama yake mzazi analipokea, kwa sababu hana namna nyingine ya kujua.

Fedha inasaidia mzee kusikika. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa, na mwaka 2020 ikatunga sheria mahsusi ya masuala ya wazee. Tanzania Bara kwa miaka mingi imetegemea sera. Huko Muleba, Kagera, mradi wa Kwa Wazee ulioanza mwaka 2003 uliwapa pensheni ndogo bibi waliobaki na wajukuu yatima. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilionyesha fedha hizo zikienda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Bibi mwenye shilingi zake mwenyewe anaweza kumtuma mtoto dukani. Anaweza kumlipa bodaboda hadi zahanati bila kungoja simu ya mtu wa Katavi. Matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo yapo kwenye sera, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee, lakini dirisha halimfai asiye na nauli ya kulifikia.

Nkoma haihitaji kungoja jengo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwapata zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hawa hupita nyumba kwa nyumba. Wamezoeleka zaidi kwa habari za wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano: uzito, chanjo, chandarua. Mzee anaweza kuongezwa kwenye orodha ileile ya kaya ileile. Mabaraza ya wazee nayo yamekwisha kuundwa kuanzia vijijini, ingawa mengi husikika zaidi wakati wa ugeni wa kiserikali. Wajumbe wake wangeweza kufuatana na mhudumu huyo, maana mzee humwambia mzee mwenziwe yale asiyoyasema kwa kijana.

Ziara hiyo ingekuwa na mambo machache. Mkamwana aombwe kwa adabu atoke kidogo, kisha bibi aulizwe amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi, dawa zake anazo nani, pesa iliyotumwa mwezi uliopita ilinunua nini, na usiku akiita nani huamka. Visigino na mgongo vitazamwe. Halafu mkamwana naye aitwe kando na kuulizwa maswali yake: analala saa ngapi, nani humpokea siku ya palizi, nani alimfundisha kugeuza mgonjwa, na yule mume aliyeko machimboni mara ya mwisho alirudi lini. Majibu yaandikwe, na mwezi unaofuata mhudumu arudi na daftari lilelile.