Mtu Mzima Kurudi Chuoni Kusoma Utabibu

Mtu wa Tumati, huko Mbulu, ana mke na watoto, na ndevu zimekwisha ingia mvi. Ataka kurudi chuoni miaka 3 apate kuwa tabibu, awatibu watu pale pasipo na daktari. Lakini aona haya kuketi safu moja na vijana. Je, afanya vema?

Ama haya, si hoja. Al-Qaffal al-Marwazi alikuwa fundi wa makufuli; alianza kusoma na umri wake yapata miaka 30, na alipokufa mwaka 417 wa Hijra alikuwa imamu mkubwa wa madhehebu ya Shafii.

Lililo zito ni jingine. Utabibu ni fardhi ya kifaya. Kuwalisha na kuwavika mke na watoto ni fardhi ya aini, i juu ya shingo yake mwenyewe. Basi kwanza na awawekee masurufu, kisha aende.

Na akiwa hana, watu wa mji wasiseme, “Hayatuhusu.” Fardhi ya kifaya ikiachwa na wote, dhambi huwa ya kila aliyeweza akanyamaza. Amlimiaye shamba lake ana fungu katika ujira wa kila mgonjwa atakayepona.

Wallahu aalam.